Wasomaji wa Laga

Mgeni anayetoka Garissa kwenda Dadaab, Modogashe au Wajir akifika kwenye laga kavu saa sita mchana atataka kusimama. Hapo ndipo penye migunga mirefu na mikoma, kivuli kinatosha lori zima, mchanga ni laini na hauna miiba, mkeka unatandikika bila kufagia. Dereva mwenyeji hatakubali. Atashuka, atavuka, atapanda ng'ambo na kusogea hadi kwenye mwinuko wa changarawe usio na mti hata mmoja, na hapo, juani, ndipo atakapozima injini. Ukimuuliza sababu, huenda asijibu kwa maneno. Atakuonyesha tawi kavu lililonasa kwenye mgunga mliopita chini yake, juu kuliko kichwa cha mtu, limesokotana na nyasi na vipande vya gunia. Maji ndiyo yaliyolipandisha huko, na inawezekana kabisa kwamba siku hiyo mahali hapo hapakuwa na wingu.

Watu hawa, yaani madereva wa malori ya mifugo na magari ya miraa, wachungaji, na wapiga kasia wa mto Tana, nimewatazama kwa muda mrefu. Ufundi wao hauna karakana wala cheti, na hauachi kitu cha kuonyesha. Mjenzi wa jahazi ataacha jahazi. Hawa wakifanya kazi yao vizuri, kinachobaki ni kwamba mbuzi wamefika Garissa siku ya soko na hakuna aliyesikia habari yoyote ya njiani.

Ukiondoa Tana, unaopita ukingoni mwa magharibi wa kaunti ya Garissa, na Daua ulioko juu kabisa Mandera, mito ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya ni laga: mikondo mipana ya mchanga inayokaa mikavu sehemu kubwa ya mwaka. Baadhi zina majina kwenye ramani, kama Lagh Dera, inayoendeleza njia ya Ewaso Ng'iro baada ya kinamasi cha Lorian na kwenda zake hadi Somalia. Nyingi hazina jina isipokuwa midomoni mwa wanaoishi kando yake. Mvua ya Garissa ni kama milimita 300 kwa mwaka, na mtu wa mbali hudhani kwamba penye mvua haba mafuriko nayo yatakuwa haba. Mvua yenyewe haiji kwa mpango huo. Inashuka kwa dhoruba chache, kila moja ikishika eneo dogo na kulimwagia kwa nguvu saa moja au mbili, huku majirani wa kilomita ishirini wakiendelea kula vumbi. Inakuta ardhi iliyokaa kiangazi kizima cha jilaal bila tone, kuanzia Januari hadi Machi, imekanyagwa na kwato na kuota ganda gumu. Matone mazito ya kwanza hulipiga ganda hilo na kuliziba zaidi. Kwa hiyo maji hayazami, yanateleza. Kila mfereji unapeleka ulicho nacho kwenye mfereji mkubwa kuliko wenyewe, na baada ya saa kadhaa, mbali na ilikonyesha, maji mazito ya rangi ya udongo yanatokea kwenye kona ya laga, yakitembea juu ya mchanga mkavu na kusukuma mbele yake povu, samadi na vijiti.

Hiyo ndiyo hatari inayosomwa. Iko juu ya msomaji, mbali na macho yake, na wakati anapoiona kwa macho kazi ya kusoma inakuwa imepitwa.

Ndiyo maana usomaji huanza usiku uliotangulia. Dereva aliyelala Habaswein au Dadaab anajua umeme ulimulika upande gani, kwa muda gani, na kama mulikio ulikuwa wa juu mawinguni au ulikuwa ukigusa ardhi. Hataji neno. Asubuhi atanusa hewa, maana upepo unaotoka kwenye mvua hubeba harufu ya udongo uliolowa, na harufu ikija kutoka upande ambako laga inaanzia, chai itanywewa polepole siku hiyo. Atawauliza wanaokuja kutoka mbele, na namna anavyouliza inafaa kusikilizwa. Hamwulizi mtu kama njia ni nzuri, kwa sababu kila aliyepita husema njia ni nzuri. Anauliza ulivuka saa ngapi, maji yalifika wapi kwenye tairi, ulivukia juu au chini ya ule mti ulioanguka, na nani alikuwa nyuma yako. Hilo la mwisho ndilo analolijali zaidi. Aliyevuka saa kumi na moja alfajiri hawezi kumwambia lolote kuhusu saa nne, lakini kama aliyekuwa nyuma yake hajafika hadi sasa, jibu limeshapatikana.

Akifika ukingoni na kukuta maji, anachomeka kijiti. Tendo hilo ni dogo mno kiasi kwamba abiria wengi hawalioni. Anavunja tawi, analipachika kwenye mchanga pale hasa maji yanapoishia, kisha anarudi kukaa. Baada ya muda anaangalia: kijiti kimeachwa nchi kavu au kimezingirwa? Anachomeka cha pili kwenye mpaka mpya. Vijiti vitatu vikishapangwa anajua mambo mawili ambayo jicho peke yake haliwezi kumpa, kwamba maji yanapanda au yanashuka, na kwa kasi gani. Jicho hudanganywa na mawimbi, na zaidi hudanganywa na hamu ya kufika.

"Abti, tutavuka saa ngapi?" atauliza kijana mwenye haraka kutoka nyuma ya lori, akimwita dereva mjomba kwa Kisomali.

"Hicho cha katikati kikikauka tutaongea."

Hata kikikauka bado. Laga kubwa hupokea maji ya mifereji mingi, na kila mfereji una urefu wake. Maji ya mfereji wa karibu yakishapita, mkondo hushuka, watu wanachangamka, wanakunja suruali. Kisha maji ya mfereji wa mbali, yaliyotokana na dhoruba ile ile, yanafika. Mzee anayeijua laga fulani anajua ina mikono mingapi na mkono upi huchelewa. Anaweza kuangalia maji yaliyoshuka hadi kifundo cha mguu na kusema kwa utulivu kwamba yatapanda tena kabla ya alasiri. Nami nimewahi kukaa ukingoni nikimdhania mtu kama huyo kuwa mwoga, hadi yalipopanda.

Sasa nifike kwenye jambo linalonivutia kuliko yote katika kazi hii. Wengi tukiwaona watu hawa wakikodolea maji macho tunadhani ufundi wao ni wa kutazama. Kwa kweli kutazama ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kukumbuka. Mvua ya kwanza ya gu, yaani masika, mwezi wa Aprili, ikinyesha juu ya laga, mchanga wake huwa na kiu ya miezi; gharika ya kwanza inaweza kutembea kilomita nyingi ikipungua kila hatua, ikinywewa na mkondo wenyewe, mpaka inakufa bila kufika barabarani. Mvua ya pili inakuta mchanga umelowa chini. Ya tatu, hata ikiwa nusu ya ile ya kwanza, haina pa kuzama na inakuja yote. Kwa hiyo mvua ya kiasi kile kile yaweza kuwa si kitu wiki hii na ikawa mauti wiki ijayo. Anayeangalia wingu la leo peke yake hawezi kuzitofautisha. Inabidi uwe umeubeba msimu wote kichwani: ilinyesha lini, wapi, ikakoma siku ngapi, upepo ulikausha kiasi gani. Deyr, yaani vuli, ya Oktoba hadi Desemba, ina hesabu yake nyingine, kwa sababu haianzi na ardhi ile ile kila mwaka. Mwaka ambao gu ilikuwa nzuri kuna nyasi zinazoizuia, mwaka wa ukame kuna vumbi tupu.

Wanaofanana nao zaidi nimewapata mbali sana, kwenye theluji. Huko Davos, katika milima ya Uswisi, kuna taasisi inayochunguza theluji na maporomoko yake, na tangu miaka ya 1940 hutoa taarifa kwa watu wanaopita milimani wakati wa baridi. Siku hizi hatari hupimwa kwa daraja tano. Wataalamu wake hufanya jambo ambalo dereva wa Wajir angelielewa bila mkalimani. Wanachimba shimo kwenye theluji hadi ardhini na kusoma matabaka ubavuni mwa shimo, kwa sababu theluji iliyoanguka Novemba, ikakaa chini ya anga safi na baridi kali, hugeuka punje zisizoshikana. Inafunikwa na theluji mpya, haionekani tena, lakini iko pale, na Februari mtu akipita juu kwa mbao zake za kutelezea, tabaka lile dhaifu linavunjika na mteremko mzima unaondoka naye. Maporomoko ya namna hiyo hutokea hasa penye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, na mara nyingi anayeuawa ndiye aliyeyaamsha, yeye au mwenzake. Mlima hauna haraka. Umetunza kosa la Novemba mpaka umpate wa kulilipa.

Theluji iliyo karibu zaidi na Garissa iko Mlima Kenya, zaidi ya kilomita 250 kuelekea magharibi, na inazidi kupungua. Hakuna mtu wa Kaskazini Mashariki aliyewahi kuhitaji kujua nyuzi za mteremko. Ila kanuni ni moja: kilichoko mbele yako leo kimejengwa na siku ambazo hukuwepo, na fundi ni yule anayezijua siku hizo. Tofauti moja iko upande wa laga, nayo inaufanya ufundi wa huku uwe mgumu zaidi kwa namna fulani. Uswisi unaweza kuchimba shimo ukasoma. Laga hubomoa kitabu chake kila inaposhuka. Gharika moja inakokota mchanga kutoka hapa na kuutupa pale. Kivuko kilichokuwa kigumu juzi leo kina shimo la kumeza ekseli, na maji ya rangi ya udongo hayaonyeshi chochote kilicho chini yake.

Hapo ndipo taniboi, msaidizi wa dereva, anapoingia kazini. Anavua viatu, anafunga kikoi juu ya magoti, anashika fimbo ndefu na kuingia. Anatembea njia ambayo magurudumu yatapita, kwanza upande mmoja, kisha anarudi kwa upande wa pili, kwa sababu lori lina magurudumu pande mbili na shimo moja linatosha. Fimbo inamwambia kina, lakini nyayo ndizo zinazomwambia hali ya mchanga. Mchanga uliotulia unauma chini ya mguu. Mchanga ambao bado una maji yanayopita ndani yake unatetemeka, unalegea ukisimama, unazama mpaka kifundoni. Lori likisimama juu ya mchanga kama huo, huwa limeegeshwa hapo kwa muda mrefu. Anatafuta mahali ambapo laga imepanuka. Wageni hufanya kinyume, wanachagua penye wembamba kwa sababu ng'ambo ni karibu. Lakini maji yale yale yakibanwa huongeza kina na kasi, na kasi ndiyo inayoua. Maji yanayokwenda mara mbili yanasukuma mara nne. Wanaoshughulika na mafuriko husema sentimita 15 tu za maji ya kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, 30 zinaweza kuliondoa gari dogo, na 60 zinaweza kubeba magari mengi, hata yale makubwa ambayo wenyewe huyaamini. Gari halizami kwanza. Linaelea kidogo, magurudumu yanapoteza mshiko, na kutoka hapo mkondo ndio unaoendesha.

Wakishaamua, mambo huwa ya haraka na hayana makelele. Upepo wa tairi unapunguzwa ili zitandaze uzito juu ya mchanga. Abiria wanashuka wanaoweza kushuka. Dereva anaingia gia ya chini na haibadilishi, anaelekeza pua ya lori kidogo kwenye upande mkondo unakokwenda ili asipigane nao ubavuni, na hasimami, kwa sababu ukisimama maji huanza kuchimba mchanga nyuma ya kila tairi. Akifika ng'ambo haondoki. Anasubiri wa nyuma yake, na taniboi anapachika matawi pale alipokuta mashimo, yawe alama kwa wasiowajua. Nimeona desturi hii ikifuatwa na madereva ambao mjini wasingepeana hata nafasi ya kuegesha.

Maji yakiisha, matope yanabaki, na kuna wanaosema matope ni adui mbaya kuliko maji. Penye udongo mweusi, mvua kidogo tu hugeuza njia kuwa kitu kisichoshikika. Tairi linajivika udongo mpaka linakuwa duara laini, lori linakwenda upande huku usukani ukielekea kwingine. Hapa hakuna ujanja. Kuna kungoja jua. Msururu wa malori unaweza kukaa siku nyingi, watu wakipika chini ya turubai, maziwa yakinunuliwa kutoka kwa wachungaji wa karibu, na bei ya sukari huko mbele ikipanda. Ngamia naye, anayesifiwa kwa kila shida ya jangwani, hapa hana msaada. Nyayo zake pana zilizoumbwa kwa mchanga huteleza kwenye matope, miguu inapanuka kila mmoja na njia yake, na akianguka hivyo anaweza kuumia nyonga asiinuke tena. Mchungaji anayehama wakati wa mvua huchagua njia ndefu ya changarawe na kuiacha ya mkato.

Mchungaji huyo ana desturi iliyo kongwe kuliko barabara zote za huku. Kabla ya kuhamisha mifugo, Wasomali hutuma watu wa sahan, wapelelezi wa malisho, watangulie siku kadhaa. Kazi yao huwa ni kuona nyasi ziko wapi, maji yako wapi, nani mwingine amekwisha kufika, kuna ugonjwa gani, na njia inapitika vipi. Jambo la ugonjwa halipuuzwi, hasa baada ya mafuriko, maana mbu wa maji yaliyotuama hueneza homa ya Bonde la Ufa. Garissa iliijua mwaka 1997 na 1998, ikaijua tena mwisho wa 2006. Ninachokipenda katika sahan ni ripoti yake. Mpelelezi hatoi ushauri kwanza. Anasema alichoona, kwa mpangilio wa njia aliyopita, na wazee wanamhoji kama mahakama: nyasi za aina gani, urefu wa kidole au wa kiganja, ulinusa nini, ulilala wapi. Hukumu huja baadaye na hutolewa na wengi. Elimu hii ya mvua na nyota imeandikwa pia. Muusa Galaal, msomi wa Kisomali, alichapisha huko Mogadishu mwaka 1968 kitabu kizima kuihusu.

Tana unahitaji msomaji wa aina nyingine. Mto huu, wa takriban kilomita 1,000, mrefu kuliko yote Kenya, unaanzia Mlima Kenya na Aberdare na unafika Garissa ukiwa umebeba mvua za watu ambao Garissa haiwajui. Hapa hakuna ukuta wa maji. Kuna kupanda kwa taratibu, kiganja leo, kiganja kesho, na hatari yake iko kwenye utaratibu huo, kwani mtu huona kwamba bado ana muda. Juu yake yamejengwa mabwawa matano ya mfuatano: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Masinga ndilo la juu na kubwa. Likijaa na kumwaga, maji hupitia kwa wenzake na siku chache baadaye yako Garissa. Mabwawa yameyameza mafuriko madogo ya kila mwaka, na kwa hiyo watu walishuka karibu zaidi na ukingo wakapanda migomba na miembe, wakajenga. Mafuriko makubwa hayakumezeka. Wazee wa mjini huyataja kwa miaka: 1961, 1997, 2018, 2023, 2024.

Wamunyoyaya, jamii ya wavuvi na wakulima wa kando ya mto hapo Garissa na Madogo, wameusoma Tana kabla ya bwawa lolote. Mtu wao mwenye mtumbwi hutazama rangi, maana kila tawi la juu lina udongo wake. Hutazama kinachoelea, kwa sababu magogo mabichi yenye majani yanaonyesha kwamba kingo zinabomoka huko juu sasa hivi, na magogo makavu yanaonyesha kwamba maji yameanza tu kufagia. Anavuka kwa kupanda kwanza kando ya ukingo, penye maji ya polepole, kisha anauachia mto umteremshe hadi pale alipopakusudia. Siku hizi Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina kituo cha kupimia kina mjini Garissa, namba 4G01, na onyo la Masinga hutangazwa redioni. Mwenye mtumbwi husikiliza redio, kisha huenda kuangalia magogo. Sioni ubaya wa kuwa na vyote viwili.

Mwezi wa Aprili 2024 barabara ya Garissa ilikatika kati ya Madogo na mji, na watu wakaanza kuvushwa kwa boti juu ya lami iliyokuwa chini ya maji. Siku ya Jumapili, tarehe 28, boti iliyojaa ilipinduka hapo Kona Punda. Watu 23 waliokolewa, wengine walikufa. Mapema mwezi huo huo basi lenye abiria 51 lilisombwa upande wa Tula, na wote wakatolewa salama. Na mwaka 2021, tarehe 4 Desemba, kando ya Mwingi, basi la watu waliokuwa wakienda harusini liliingia mto Enziu uliokuwa ukipita juu ya daraja, huku watu wakitazama kutoka ukingoni. Walikufa zaidi ya 30.

Matukio haya hayakutokea kwa sababu hakuna aliyejua kusoma. Ukingoni huwa pana mtu anayejua. Lakini huwa pia pana abiria wenye msiba unaowangoja, miraa inayokauka kila saa, mkesha wa Idi, dereva aliyepita hapo hapo mara nyingi bila tatizo, na basi lingine lililovuka dakika chache kabla. Mtafiti wa Marekani, Ian McCammon, alichunguza zaidi ya ajali 700 za maporomoko ya theluji akakuta kitu hicho hicho: walionaswa mara nyingi walikuwa wamefundishwa, dalili zilikuwa wazi, na kilichowapeleka ni mazoea ya mahali, nyayo za waliotangulia na aibu ya kurudi nyuma. Kwa hiyo sehemu ya ufundi, na naona ndiyo iliyo adimu kuliko zote, ni kuweza kuwakalisha watu arobaini wenye hasira kwenye changarawe kwa saa tano bila kuwagombeza. Baadhi ya madereva wana kipawa hicho. Mmoja huanza kurekebisha kitu kwenye injini ambacho hakijaharibika.

Kusoma kwenyewe kunabadilika. Mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa na ambao sasa umejaa kingo za Tana na laga nyingi, umeficha alama za zamani. Matawi yaliyonasa hayaonekani tena, na maji yakizuiwa na vichaka hutafuta njia mpya. Lami nayo imeinua barabara, ikawa ukingo unaokusanya maji upande mmoja mpaka yapate pa kupasukia, na mara nyingi hupasukia pasipo na daraja. Badala yake pamekuja simu. Dereva wa Modogashe leo anampigia binamu yake aliye juu ya laga na kumwuliza yale maswali yake, maji yalifika wapi, saa ngapi, kwenye mti upi, na anapata saa tatu za kutangulia ambazo babake hakuwa nazo. Mtandao ukipotea anarudi kwenye vijiti.

Taniboi hujifunza haya yote bila somo hata moja. Miaka ya kwanza anatumwa majini na anachoulizwa ni kina tu: magoti au mapaja? Baadaye ataulizwa mchanga ukoje. Dereva mwenyewe atakuwa amekaa ndani na mlango wazi, anatafuna, anaangalia juu ya laga. Inaweza kupita misimu mingi ya gu na deyr kabla ya siku ile ambapo kijana anarudi na fimbo yake, maji yanamchuruzika, na mzee anaacha kumwuliza kuhusu kina na kumwambia, "Wewe unaonaje?" Wengine hujibu haraka kwa kutaka sifa, na huendelea kuwa mataniboi. Aliye tayari huomba kwanza aangalie vijiti tena.